Kuondoa mimea vamizi kingo za mto na kurudisha miti ya asili: mwongozo kutoka bonde la Zigi

Kinachoharibu kingo za mito yetu kuliko hata lantana yenyewe, kichaka vamizi chenye miiba, ni kufyeka eneo kubwa kwa siku moja. Watu wanakuja na mapanga, kazi inafanyika kwa moyo, jioni ukingo uko mweupe. Mvua ya kwanza inapiga udongo usio na kitu juu yake, tope linaingia mtoni, na baada ya miezi michache lantana imesimama tena. Safari hii inaota bila mshindani, maana miche ya miti ya asili iliyokuwa imejificha chini yake ilifyekwa pamoja nayo.

Kwa hiyo kuna sharti moja ambalo hatua zote zitakazofuata zinalitii: fyeka kipande kile tu ambacho una miche yake, una majani ya kukifunika, na una watu wa kukipalilia. Kinachozidi hapo kiache na lantana yake mpaka mwakani. Lantana iliyosimama inashika udongo, ukingo uliofyekwa ukaachwa haushiki chochote.

Mifano nimeichukua bonde la mto Zigi, mkoani Tanga. Zigi unaanzia milima ya Usambara Mashariki, kwenye misitu ya Amani, unashuka Muheza na kuingia bwawa la Mabayani linalowapa maji wakazi wa jiji la Tanga, kisha unamwaga Bahari ya Hindi. Tope linalotoka shambani Amani linamgusa mama anayefungua bomba Ngamiani, mjini Tanga. Tena Amani ndipo Wajerumani walipoanzisha bustani ya mimea mwaka 1902 na kuleta mamia ya mimea ya kigeni kuijaribu. Mingi ilitulia ilipopandwa, mingine ikatoka bustanini na kuteremka na mto. Ukiwa kwenye mto mwingine, majina ya miti yatabadilika, lakini mpangilio wa kazi ni huu huu.

Tembea mto kabla ya kushika panga

Fuata kipande chenu cha mto kwa miguu, kuanzia juu kwenda chini. Nenda na mzee aliyezaliwa hapo na mtu mmoja anayejua miti kwa majani, hata kama haina maua. Mzee atawaonyesha maji yalifika wapi kwenye mafuriko makubwa, mkuyu upi ulianguka na ulikuwa wapi, na chemchemi ipi imekauka. Yaandikeni yote, maana mstari wa mafuriko ndio utakaoamua mahali pa kupanda kila kitu.

Beba utepe au vipande vya kitambaa chekundu. Kila mnapokuta mche wa mti wa asili chini ya kichaka, hata wa urefu wa kidole, ufungeni kitambaa. Msishangae mkikuta mingi. Ndege wanaokula matunda hutua kwenye lantana na kuacha mbegu za miti mingine humo, na miche hiyo huishi kivulini ikingoja mwanga. Kila mche mliouokoa ni mche ambao hamtaununua wala kuubeba, na mizizi yake imeshazoea udongo huo.

Chora ramani ya mkono: penye afya, penye uvamizi kidogo, palipozidiwa kabisa, wanapochota maji kina mama, wanaponywesha ng'ombe, na palipolimwa hadi majini. Piga picha mahali panne au vitano ambapo mtarudi kupiga tena mwaka hadi mwaka.

Ruhusa ni sehemu ya kazi

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, kifungu cha 57, inazuia shughuli za kibinadamu za kudumu, au zinazoweza kuathiri ukingo, ndani ya mita 60 kutoka mtoni. Hiyo haina maana kwamba yeyote anaweza kuingia humo na panga kwa sababu nia yake ni njema. Anzeni kwa mtendaji wa kijiji na kamati ya mazingira, kisha ofisi ya bodi ya maji ya bonde lenu. Kwa Zigi ni Bodi ya Maji ya Bonde la Pangani. Kama ukingo uko ndani ya msitu wa hifadhi, hamtakata hata kijiti kimoja cha mmea vamizi bila kibali cha Wakala wa Huduma za Misitu.

Ruhusa ngumu zaidi ni ya jirani mwenye magimbi na migomba ukingoni. Mita 60 kila upande, kwa mtu mwenye ekari moja, ni chakula cha watoto. Ukimwendea na sheria mkononi atakubali mchana na kung'oa miche yako usiku. Muulize kwanza ukingo unampa nini, kisha mtafute pamoja kitakachojaza pengo hilo: mstari wa mabingobingo kwa ng'ombe wake wa maziwa, mizinga ya nyuki, au miche ya mikarafuu na midalasini kwa sehemu ya juu ya shamba. Wakulima wa bonde hili walijiunga katika umoja wao, UWAMAKIZI, wa wahifadhi mazingira wa Kihuhwi na Zigi, na jambo lililouimarisha ni kwamba wenye mashamba ndio wenye kazi. Mgeni akitangulia mbele, ukingo unakuwa wake, na akiondoka unabaki hauna mwenyewe.

Ijue mimea unayoiondoa

Lantana wengi mnaijua: shina lenye miiba iliyopinda, majani ya kukwaruza yanayonuka ukiyasugua, vishada vya maua yanayochanganya rangi ya waridi na njano au chungwa na nyekundu, na matunda mabichi ya kijani yanayoiva kuwa meusi. Asili yake ni Amerika ya kitropiki. Kichaka kimoja kikubwa kinaweza kutoa hadi matunda 12,000 kwa mwaka. Majani yake ni sumu kwa mifugo, yanaharibu ini na kumfanya mnyama achubuke ngozi akikaa juani, na watoto wasile matunda mabichi. Tunayo mimea ya asili ya ukoo huo huo, yenye harufu kali na maua madogo meupe, lakini haina miiba. Hiyo iacheni.

Klidemia, kitaalamu Clidemia hirta, ni kichaka kifupi chenye nywele kila mahali. Jani lake lina mishipa mitano hivi inayotoka kitako cha jani na kukimbia hadi ncha, na tunda lake ni la zambarau iliyokolea. Hili linavumilia kivuli, ndiyo maana linaingia hata ndani ya msitu mzuri. Mbegu zake ni ndogo mno na nyingi mno.

Mhesi, Maesopsis eminii, ni jambo la kutafakari, kwa sababu ni mti mzuri wa Afrika. Kwao ni misitu ya Afrika ya Magharibi na Kati hadi Uganda na kando ya Ziwa Victoria. Huku Usambara uliletwa. Uvunaji wa magogo kwa mashine ulipoutoboa msitu miaka ya 1970 na 1980, mhesi ulijaza matundu hayo kabla mti mwingine haujapata nafasi, na ndege aina ya hondohondo wakawa wapanzi wake, wanameza tunda hapa na kuangusha kokwa bonde la pili. Bukoba mhesi si mvamizi. Amani ni mvamizi.

Mikaratusi ukingoni mara nyingi imepandwa na mtu, kwa hiyo hapo zungumza na mwenye nayo kwanza. Na mkiwa upande wa Arusha au Kilimanjaro, angalieni gugu karoti, lenye majani kama ya karoti na maua madogo meupe. Msiliguse kwa mikono mitupu, linawasha ngozi na kuwasumbua wenye pumu. Ling'oeni kabla halijatoa maua.

Anzeni penye afya

Wengi huanza pale palipozidiwa kabisa, kwa sababu ndipo panapouma macho. Anzeni upande wa pili: sehemu bora kuliko zote, penye miti ya asili na lantana chache zilizopenya. Ondoeni hizo, mlinde palipo pazuri, kisha sogeeni kidogo kidogo kuelekea palipoharibika. Hapo msitu wenyewe unawasaidia kwa kivuli na mbegu. Na siku zote tokeni juu kwenda chini, la sivyo kila mafuriko yatawaletea mbegu kutoka kule msikofika.

Kwa kundi la watu kumi wenye mashamba yao ya kulima, mita 50 za ukingo kwa msimu zinatosha. Zinaonekana chache. Baada ya palizi ya tatu hamtasema hivyo.

Wakati nao una hesabu yake. Kwa pwani na milima ya Tanga, fyekeni Julai hadi Septemba, udongo ukiwa mkavu na mto ukiwa chini. Mimea ya ukingoni mwa maji ipandwe na vuli, ili masika yakija na mafuriko iwe imeshashika. Miti ya sehemu ya juu ya ukingo ipandwe mwanzo wa masika, kwa sababu mvua hizo ni ndefu.

Kung'oa lantana

Vaeni mikono mirefu, buti na glovu ngumu. Pigeni kichaka kwa fimbo ndefu kwanza, nyoka hupenda humo. Kama kuna matunda, kateni vishada mviweke kwenye gunia kabla ya kugusa shina, maana ukilikata likiwa nayo unapanda upya.

Kata matawi hadi ubaki na visiki vya urefu wa goti. Hivyo ndivyo utakavyoshika. Fukua majani yaliyooza uone mashina yote yanapokutana: fundo gumu, nusu yake juu ya udongo na nusu chini. Lantana huchipua kutoka hapo, kwa hiyo huna haja ya kufuata mizizi myembamba inayotambaa mbali. Chimba kuzunguka fundo kwa sururu, tafuta mzizi mkuu unaoshuka, ukate sentimita 3 hadi 5 chini ya fundo, kisha yumbisha visiki ung'oe. Kung'uta udongo wote urudi shimoni na ukanyage. Halafu ligeuze fundo mizizi juu na ulipachike juu ya rundo la matawi. Likilala ubavu kwenye udongo wenye unyevu, litaota. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Delhi ndio walioieneza njia hii ya kukata mzizi chini ya fundo, kwa ajili ya misitu ya India iliyozidiwa na lantana, nayo inataka jembe na subira tu.

Kwenye mteremko mkali unaogusa maji msichimbe kabisa. Kateni lantana usawa wa ardhi, acheni mizizi ishike udongo, mrudi kukata machipukizi kila baada ya wiki tatu au nne. Fundo linalokatwa kila linapotoa majani huishiwa nguvu na kufa, na kufikia hapo matete mliyoyapanda yatakuwa yameshika kazi.

Klidemia ing'oeni kwa mkono udongo ukiwa umelowa, na muitundike kwenye matawi mizizi ikiwa hewani.

Taka zote zirundikwe juu ya mstari wa mafuriko. Mashina makavu ya lantana ni kuni, yachukuliwe jikoni. Lakini msichome moto ukingoni. Moto unaua miche mliyoifunga vitambaa, na lantana huchipua vizuri baada ya kuungua. Dawa za kuua magugu nazo zikae mbali na mto ambao watu wanakunywa. Sioni sababu yoyote ya kumnywesha mtu wa Tanga sumu ili sisi tupunguziwe siku chache za jembe.

Miti mikubwa: polepole

Mhesi mkubwa msiuangushe. Ukianguka unavunja kila kitu chini yake na kufungua anga kubwa, na kinachoingia kwenye mwanga huo ni mihesi midogo na lantana. Uondoeni gome kuzunguka shina, mkanda wa upana wa sentimita 30, hadi kwenye mti mweupe, bila kuacha hata uzi mmoja wa gome. Utakufa umesimama, ukidondosha majani taratibu, na miche ya chini itapata mwanga kwa kiasi. Hii isifanyike karibu na njia, nyumba au mahali pa kuchotea maji, kwa sababu mti uliokufa huanguka siku usiyoitegemea. Huko, mwiteni mkataji mzoefu.

Mikaratusi ivunwe kwa awamu, theluthi kila mwaka, ili ukingo usibaki mtupu. Kisiki chake hakifi kwa kukatwa. Kibandueni gome lote kuanzia mkato hadi chini ya usawa wa udongo, na mrudi kuondoa machipukizi. Mbao na nguzo zimwendee mwenye miti, hapo ndipo atakapokubali awamu ya pili.

Funikeni siku hiyo hiyo

Kabla ya kwenda nyumbani, udongo uliofunuliwa uwe umefunikwa kwa nyasi kavu zisizo na mbegu, au majani ya migomba, unene wa kiganja. Kwenye mteremko, lazeni magogo membamba kukingama mteremko na kuyashikilia kwa vigingi. Chini kabisa, karibu na maji, vuli ikianza chomekeni matete na mafunjo mliyochimba kwenye sehemu yenye afya ya mto huo huo, vipande vya mizizi vyenye vifundo viwili au vitatu. Mabingobingo ni jani la Afrika na mifugo inalipenda, lakini yawekeni mstari mmoja tu upande wa shamba. Yakisogea kwenye miche yanaifunika.

Miche itoke kwenye mto wenu

Watu watawaletea miche ya bure ya kila namna. Ulizeni jina la mti na kwao ni wapi kabla ya kuipokea. Kule Baringo, Kenya, mathenge, mti wa kigeni wenye miiba, ilipandwa miaka ya 1980 kwa nia ya kuzuia jangwa na kuwapa watu kuni. Leo imeziba malisho na njia za maji, na wafugaji walifika hadi mahakamani wakiwa na mbuzi aliyeng'oka meno kwa kula maganda yake.

Mti wa kwanza ni mkuyu. Unashika ukingo kwa mizizi mipana, na matunda yake yanawaita ndege na popo wanaoleta mbegu za miti mingine. Tena hauhitaji kitalu. Kateni matawi ya unene wa sentimita 5 hadi 10 na urefu wa mita moja na nusu, yaacheni kivulini siku moja utomvu ukauke, mchomeke theluthi yake ardhini mvua zikianza.

Mzambarau mwitu na mtimaji mbegu zao hazihifadhiki. Okoteni matunda yaliyoanguka karibuni, osheni nyama yake, mtie kwenye viriba, vile vifuko vya kuoteshea miche, ndani ya siku chache. Mkangazi mbegu zake ni bapa na kavu, ziokoteni tunda linapopasuka. Mvule pandeni, lakini uchanganywe na miti mingine, kwa maana ukiwa peke yake kwa wingi kuna mdudu anayeuvimbisha majani na kudumaza mche. Kwa sehemu za juu za Usambara ongezeni mkenge na mnyasa, na kwenye majimaji mkindu. Chini ya mti mama mtakuta maotea, yaani miche iliyoota yenyewe. Yachimbeni na donge lake la udongo siku ya mawingu, theluthi moja tu, mengine yabaki.

Mbegu zichukuliwe kwenye miti mingi tofauti, si mmoja uliopo karibu na njia. Miche ikifika urefu wa sentimita 30 hadi 50, punguzeni kivuli na maji kwa wiki tatu au nne ili ikomae kabla ya kwenda shamba.

Kupanda

Matete na mafunjo yakae majini na ukingoni mwa maji. Mikuyu, mikindu na mizambarau kwenye uso wa ukingo hadi mstari wa mafuriko. Mikangazi, mivule na mingineyo juu ya mstari huo. Nafasi iwe mita mbili hadi tatu, bila mistari iliyonyooka. Shimo liwe na kina na upana wa sentimita 40, udongo wa juu uwekwe kando na urudi wa kwanza. Ondoeni kiriba chote. Nimeona miche mingi iliyopandwa na kiriba chake, inaishi mwaka mmoja na kufa bila mtu kuelewa kwa nini. Funikeni kwa nyasi kuzunguka, zisiguse shina.

Acheni njia moja ya ng'ombe kwenda majini, pana na yenye mawe, na njia ya kina mama ya kuchota. Kingine chote kizuieni kwa matawi ya miiba. Mkiwanyima ng'ombe njia, wataitengeneza wenyewe juu ya miche.

Palizi ya miaka mitatu

Udongo uliokaa chini ya lantana umejaa mbegu zake, na mwanga ukifika zinaamka. Mwaka wa kwanza piteni kila mwezi wakati wa mvua. Mche wa lantana una majani mawili mawili yanayotazamana, yenye kingo za meno, usugue uunuse. Ung'oeni ukiwa chini ya kiganja, udongo ukiwa umelowa, unatoka wote kwa vidole viwili. Ukisubiri ufike kiunoni unarudi kwenye sururu. Mwaka wa pili piteni kila miezi miwili, wa tatu mwanzo na mwisho wa kila msimu wa mvua, mpaka matawi ya miti yakutane na kuweka kivuli ambacho lantana haikipendi. Klidemia itaendelea hata kivulini, hiyo itafuteni bila kuchoka.

Ziba mapengo ya miche iliyokufa kila mwanzo wa mvua, na kabla ya kuziba chunguza kilichoiua: mchwa, mbuzi, ukame au maji. Mche wa aina ile ile ukifa mara mbili mahali pamoja, badilisheni aina.

Baada ya kila mafuriko rudini mtoni maji yakishuka. Simamisheni mikuyu iliyolala, hata iliyofunikwa mchanga huchipua. Kagueni takataka zilizoletwa, maana ndani yake mtakuta vipande na mbegu kutoka juu. Mkiona mmea msioujua unaota hapo, msiuache ukue ili muutambue vizuri. Piga picha ya jani, na ya ua na tunda kama vipo, umpelekee afisa misitu wa wilaya, na mjue umetoka kijiji gani cha juu, mkazungumze nao kabla ya vuli.